Jeni Iliyojificha: Upungufu wa Damu wa Kurithi katika Mbwa wa Kongo

Magonjwa yanayofundishwa kwanza katika shule zetu ni yale yaletwayo na vijidudu: malaria, kipindupindu, kichaa cha mbwa. Katika magonjwa hayo adui hutoka nje, huingia mwilini, na mwili humkabili kwa kinga au kwa msaada wa dawa. Lakini yako magonjwa ya jamii nyingine kabisa, ambayo mgonjwa hamwambukizi jirani yake, wala hayaletwi na mbu, maji machafu au jeraha. Kiumbe huzaliwa nayo, kwa sababu katika maagizo aliyorithi kwa wazazi wake limo kosa linalomzuia kutengeneza sawasawa kimeng'enya fulani. Kimeng'enya kikikosekana, hatua moja katika kazi za kikemia za mwili husimama, na madhara yake huenea mbali na mahali kosa lilipo. Magonjwa hayo huitwa magonjwa ya kurithi ya umetaboli.

Mfano mmoja ulio wazi sana umepatikana kwa mbwa mwenye asili ya Kongo aitwaye basenji. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Hata hivyo, historia yake yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa biolojia, kwani inafundisha mambo mawili: kwamba jeni yenye kosa haiondoki katika kundi la viumbe kwa kuwaondoa wagonjwa peke yao, na kwamba kuwaondoa kwa pupa wote waibebao kwaweza kuligharimu kundi zima.

Mbwa asiyebweka

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye kimo cha sentimeta 40 hivi mabegani, masikio yaliyosimama, paji lenye makunyanzi na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti ya kupanda na kushuka iliyo karibu na wimbo. Jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali majike ya mbwa wengi wa kufugwa hupata mara mbili. Wawindaji wa misitu ya Kongo humtumia kuwafukuza wanyama hadi wavuni, wakiwa wamemfunga kengele shingoni ili wajue alipo, kwa kuwa sauti yake haimtambulishi.

Jina lake halimpi taabu msomaji wa Kiswahili. Ni ndugu wa neno «mshenzi», ambalo wasafiri na wafanyabiashara wa zamani waliwapachika watu wa bara. Basenji basi ni mbwa wa wale walioitwa washenzi. Jina lililoanza kwa dharau limebaki kuwa jina la kitaalamu la aina ya mbwa.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa Uingereza, lakini walikufa kwa maradhi baada ya muda mfupi. Mwaka 1936 walipelekwa wengine, na safari hiyo uzao ukashika mizizi, kwanza Uingereza, kisha Marekani. Waanzilishi hao walikuwa wachache. Vizazi vilivyofuata vilitokana nao wao kwa wao, yaani jamaa alizalishwa na jamaa. Katika hali ya namna hiyo, jeni yenye kosa aliyokuwa nayo mwanzilishi mmoja tu huweza kuwafikia wajukuu wengi, na hatimaye wajukuu wawili wenye jeni hiyohiyo hukutanishwa.

Ndivyo ilivyotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa mifugo wa Marekani waliletewa basenji wachanga waliokuwa na ufizi mweupe, waliochoka upesi wakikimbia, na ambao wengu zao zilikuwa zimevimba. Damu yao ilikuwa pungufu, lakini hawakuwa na minyoo wala vijidudu vya damu. Mwaka 1971 watafiti walithibitisha kwamba chembe zao nyekundu za damu zilikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho piruveti kinasi. Ugonjwa wa namna hiyohiyo ulikuwa umekwisha kuelezwa kwa binadamu miaka 10 kabla, yaani mwaka 1961.

Hesabu ya nguvu ndani ya chembe

Ili kuelewa kwa nini upungufu wa kimeng'enya kimoja huleta maafa, yatupasa kuitazama chembe nyekundu ya damu. Chembe hii, kwa mbwa kama ilivyo kwa binadamu, ikikomaa haina kiini wala mitokondria. Husafirisha oksijeni kwenda kila pembe ya mwili, lakini yenyewe haiitumii oksijeni hiyo kujipatia nguvu. Ni kama mchukuzi abebaye magunia ya unga kutwa nzima bila kuruhusiwa kuonja hata kibaba. Nguvu yake yote huipata kwa njia moja tu, nayo ni kuvunja sukari ya glukosi pasipo oksijeni.

Nguvu hiyo huhifadhiwa katika molekuli za adenosini trifosfati, ambazo kwa kifupi huitwa ATP. Molekuli moja ya glukosi inapoanza kuvunjwa, chembe hutoa kwanza ATP 2, kama mtaji. Baada ya hapo glukosi hugawanyika vipande viwili. Katika hatua ya kati vipande hivyo hutoa ATP 2. Katika hatua ya mwisho, pale fosfoenolpiruveti inapogeuzwa kuwa piruveti, hutoa ATP 2 nyingine. Hesabu yake basi ni hii: 2 + 2 – 2 = 2. Faida ni ATP 2 kwa kila molekuli ya glukosi.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isimamiwayo na piruveti kinasi. Hatua hiyo ikisimama, hesabu huwa 2 – 2 = 0. Chembe imekuwa kama mfanyabiashara aliyerudisha mtaji wake bila faida, naye nyumbani ana watu wa kulisha.

Mahitaji ya chembe ni mengi. Sharti isukume kalisi nje ya utando wake wakati wote, na sharti itunze ulaini wa utando huo ili iweze kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Isipokuwa na ATP ya kutosha, utando hukakamaa, nayo chembe hunaswa na kuharibiwa katika wengu na ini. Chembe nyekundu ya mbwa mwenye afya huishi kwa kadiri ya siku 110. Chembe ya mbwa mgonjwa hufa kabla ya kufikia hata nusu ya umri huo.

Jinsi mwili unavyojitetea, na gharama yake

Mwili haukubali kushindwa kwa urahisi. Uboho wa mifupa huongeza kasi ya kutengeneza chembe mpya, na damu ya mgonjwa hujaa chembe changa zilizotolewa kabla ya kukomaa barabara. Aidha, njia ya sukari inapoziba mwishoni, vitu vya hatua za awali hurundikana nyuma ya kizuizi, kama maji nyuma ya boma. Kimojawapo ni difosfogliserati, ambayo huifanya himoglobini iachie oksijeni kwa wepesi zaidi. Kwa sababu hizo mbili mbwa mchanga huweza kuonekana akicheza huku damu yake ikiwa pungufu mno, na mwenye mbwa asishuku lolote.

Lakini utetezi huu una gharama. Mwili huo, katika harakati za kutengeneza damu, hufyonza chuma kingi kutoka katika chakula, na chuma kinachotoka katika chembe zilizovunjika huongezeka juu yake. Mwili hauna njia nzuri ya kukitoa. Hujilimbikiza katika ini mpaka ini likaharibika. Uboho nao, ukiisha kufanyishwa kazi kupita kiasi, hujaa nyuzi na mfupa mgumu, ukashindwa kutengeneza damu. Basenji wengi wenye ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka 5.

Liko jambo jingine lililowatatiza watafiti. Walipopima damu ya baadhi ya wagonjwa, waliona kimeng'enya kinafanya kazi sana, pengine kuliko kwa mbwa wazima. Jibu lilipatikana baadaye: piruveti kinasi huwa ya aina zaidi ya moja. Mbwa mgonjwa hawezi kutengeneza aina ya chembe nyekundu zilizokomaa, bali chembe zake huendelea kubeba aina nyingine, ambayo kwa kawaida huachwa chembe inapokua. Kimeng'enya hicho huonekana chema katika chupa ya maabara, lakini hakidumu na hakitoshelezi mahitaji ya chembe ndani ya mwili. Hapo mwanafunzi ajifunze kwamba kipimo kimoja, hata kikifanywa kwa uangalifu, hujibu swali lile tu kililoulizwa.

Kosa la herufi moja

Mwaka 1994 kosa lenyewe lilisomwa katika DNA ya basenji. Katika jeni iagizayo piruveti kinasi, herufi moja tu imedondoka. Herufi za DNA husomwa tatutatu, na kila tatu huagiza asidi-amino moja ya protini. Mfano wa Kiswahili utaonyesha ukubwa wa hasara. Tuchukue sentensi yenye maneno ya herufi tatutatu:

SAA ILE AJE ALE YAI

Tukiifuta herufi ya tatu peke yake, kisha tukaendelea kusoma tatutatu kama kwanza, tunapata:

SAI LEA JEA LEY AI

Herufi iliyopotea ni moja, lakini kila neno kuanzia hapo limeharibika. Kwa basenji usomaji hupotoka vivyo hivyo, kisha hukutana na alama ya «koma hapa» kabla ya wakati wake. Protini hukatika ikiwa fupi, haina kazi.

Ugonjwa huu umeonekana pia kwa mbwa wa aina nyingine, kama beagle na labrador, lakini kosa la kila aina liko mahali pake tofauti katika jeni hiyohiyo. Kipimo cha DNA kilichotengenezwa kwa basenji hakimfai labrador.

Kwa nini ugonjwa hauishi kwa kuwaondoa wagonjwa

Kila mbwa ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Jeni yenye kosa ni jeni fifi: mbwa huugua akiwa tu na nakala mbili mbovu. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huitwa mbebaji. Kimeng'enya chake ni kadiri ya nusu ya kawaida, nacho kinamtosha. Huwinda, huzaa na huzeeka kama wenzake.

Mbebaji akizalishwa na mbebaji, kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kuugua, 2 katika 4 ya kuwa mbebaji, na 1 katika 4 ya kuwa hana kosa. Miongoni mwa watoto waonekanao wazima, basi, wabebaji ni 2 katika 3.

Sasa tufanye hesabu ya kundi zima. Tuchukulie mfano wa mbwa 1,000 ambao katika kila nakala 10 za jeni, moja ni mbovu, na wanaozaana bila kuchaguana. Wagonjwa watakuwa 10, wabebaji 180, na wasio na kosa 810. Nakala mbovu zote ni 200. Katika hizo, wagonjwa wanazo 20 tu, na wabebaji wanazo 180. Mfugaji akiwaondoa wagonjwa wote, amegusa sehemu moja tu ya kumi ya tatizo. Sehemu tisa zimebaki katika mbwa wazuri anaowasifu.

Mfugaji huyo akiendelea hivyo kila kizazi, itampasa kungoja vizazi 10 ili wingi wa nakala mbovu upungue kwa nusu. Ili upungue mpaka nakala 1 katika 100, atangoja vizazi 90. Kizazi kikichukuliwa kuwa miaka 3, hiyo ni miaka 270. Kadiri jeni mbovu inavyozidi kuwa adimu, ndivyo inavyozidi kujificha katika wabebaji, na ndivyo kuwaondoa wagonjwa kunavyozidi kukosa nguvu.

Njia ya zamani ya kumfichua mbebaji ilikuwa kumzalisha kwa makusudi na mbebaji anayejulikana. Lakini hata wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, watoto wao wa kwanza huweza kwa bahati kuwa wazima. Ili kosa la kumdhania mbebaji kuwa safi lipungue chini ya 5 katika 100, yahitajiwa watoto 11 wazima mfululizo. Hiyo ni njia ndefu, tena huwazaa wagonjwa wa kuteseka. Katika miaka ya 1970 kupima wingi wa kimeng'enya katika damu kuliwawezesha wafugaji kuwatambua wabebaji bila kungoja watoto wagonjwa, na baada ya mwaka 1994 kipimo cha DNA kikaondoa shaka.

Gharama ya kufagia kupita kiasi

Hapo linazuka swali lililo gumu kuliko la maabara: mbebaji akiisha kujulikana, afanywe nini?

Jibu linalokuja upesi ni kumtenga asizae. Katika mfano wetu wa mbwa 1,000, kufanya hivyo ni kuwaondoa mbwa 180 wenye afya, pamoja na wagonjwa 10, yaani karibu mbwa 1 katika kila 5. Nao hawaondoki na jeni moja tu. Kila mmoja huondoka na maelfu ya jeni nyingine, zikiwamo ambazo pengine hazimo kwa mwingine yeyote. Kwa aina ya mbwa iliyoanzishwa na wachache, hasara hiyo ni kubwa. Kundi hupungua, ndugu huzidi kukutanishwa na ndugu, na jeni nyingine fifi zilizokuwa zimelala hupata nafasi ya kuamka.

Mnamo mwaka 1976 ulielezwa kwa basenji ugonjwa mwingine wa kurithi, uitwao ugonjwa wa Fanconi. Huu hushika figo, ambazo huacha sukari na asidi-amino zipotee katika mkojo ingawa sukari ya damu ni ya kawaida. Nao hutokana na jeni fifi, lakini ni mjanja zaidi, kwa kuwa dalili zake kwa kawaida hazionekani mpaka mbwa awe mtu mzima, aliyekwisha kuzaa. Kipimo cha alama za DNA kilichouonyesha kilipatikana mwaka 2007, na kipimo cha kosa lenyewe mwaka 2011. Kwa miaka mingi, basi, mfugaji aliweza kuchagua mbwa aliye safi wa ugonjwa wa damu bila kujua kama amechagua mbebaji wa ugonjwa wa figo.

Wafugaji wa Marekani walitambua kwamba kundi lao limekuwa finyu. Katika miaka ya 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri mpaka Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakarudi na mbwa wapya kutoka vijijini. Mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani lilifunguliwa kuwapokea. Mbwa wa vijiji, ambao jina lao lilikuwa la dharau, ndio waliotafutwa kuimarisha damu ya mbwa wa maonyesho.

Njia iliyo bora kwa mbebaji mwema ni nyepesi mara kipimo kinapokuwapo. Azalishwe na mwenzi asiye na kosa. Katika watoto wao hapatakuwa na mgonjwa hata mmoja. Nusu watakuwa wabebaji na nusu watakuwa safi. Katika walio safi mfugaji huchagua wa kuendeleza ukoo, na jeni mbovu hupunguzwa bila kupoteza nyingine zote.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu

Utafiti wa mbwa hawa haukuishia kwao. Mjini Seattle, Marekani, watafiti waliwahamishia basenji wagonjwa uboho wa ndugu zao wazima, na mwaka 1976 wakatangaza kwamba ugonjwa ulirekebika, kwa sababu uboho mpya ulitoa chembe zenye kimeng'enya kamili. Mwaka 1981 walionyesha kwamba hata chuma kilichokuwa kimejilimbikiza kiliweza kupungua baada ya tiba hiyo. Kwa binadamu, dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya upungufu wa piruveti kinasi, iitwayo mitapivat, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Hiyo huamsha kimeng'enya kilicho dhaifu. Mgonjwa asiye nacho kabisa haimfai.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano wa karibu zaidi ni selimundu. Nao ni ugonjwa wa damu wa jeni fifi, nao hutokea kwa mtoto wa wazazi wawili walio wabebaji, kwa nafasi ile ile ya 1 katika 4. Mbebaji wa selimundu si mgonjwa. Zaidi ya hayo, nakala yake moja humkinga kwa kiasi kikubwa na malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imedumu katika nchi zenye mbu. Binadamu hachaguliwi mwenzi kama achaguliwavyo mbwa. Anachostahili ni kupimwa kwa hiari yake, kuelezwa matokeo kwa ukweli, na kuachiwa uamuzi. Familia inayomtenga mchumba kwa kuwa ni mbebaji inarudia kosa la mfugaji mwenye pupa, tena kwa kiumbe mwenye haki ya kujiamulia.

Zoezi la darasani

Mwalimu atayarishe chungu chenye maharagwe 100: mekundu 90 na meupe 10. Katika yale mekundu, 5 yatiwe alama ya wino. Mekundu ni jeni nzima, meupe ni jeni mbovu, na yenye wino yawe mfano wa jeni nyingine adimu yenye manufaa. Wanafunzi wachomoe maharagwe mawilimawili bila kutazama. Kila jozi ni mbwa mmoja, na jumla yao ni mbwa 50.

Kwanza waondoe jozi zilizo nyeupe zote mbili, wahesabu ni maharagwe mangapi meupe yamesalia. Kisha warudishe yote, wachomoe upya, na safari hii waondoe kila jozi yenye jeupe hata moja. Wahesabu mekundu yaliyoondoka pamoja nayo, na kama yamo yenye wino. Zoezi lirudiwe mara 10 na matokeo yaandikwe ubaoni. Wanafunzi waulizwe: ni njia gani ingefaa kuondoa meupe bila kupoteza hata moja la wino, na mfugaji angehitaji kujua nini kwanza ili aifuate?